Bi Polixeni Gatsou na Tumbo la Miaka Thelathini na Sita

Ijumaa ya tarehe 29 Septemba 2023, Bi Polixeni Gatsou anastaafu baada ya miaka thelathini na sita kasoro siku moja katika Ofisi ya Kamusi ya Lahaja, hapa Ioannina. Siku hiyo moja imemkera kweli. Alimwandikia mkurugenzi barua akiomba aje Jumamosi ili hesabu itimie, akajibiwa kwamba Jumamosi ofisi inafungwa. Kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha kuandika kilicho kweli na si kinachopendeza, jarida hili linaandika hivyohivyo: miaka thelathini na sita, kasoro siku moja.

Aliajiriwa tarehe 1 Oktoba 1987 akiwa mpiga chapa. Marehemu Mwalimu Ligeros, aliyekuwa mkurugenzi wakati huo, aligundua wiki ya kwanza tu kwamba mpiga chapa wake alikuwa anasahihisha kadi za maneno badala ya kuzinakili, na alikuwa anazisahihisha vizuri. Akampa neno moja alishughulikie. Alichagua neno jepesi ili asimtishe: kilia, yaani tumbo. Akamwambia, "Kila mtu analo, kila mtu analijua. Wiki mbili zinakutosha, binti."

Hadithi ya wiki hizo mbili ndiyo wasifu huu.

Nani angedhani tumbo lina mambo? Wazee wetu wa kale walikuwa na neno la kitu chochote kilicho wazi kwa ndani, kama pango au mtungi, na kutoka humo wakapata koilia, ambalo sisi tunalitamka kilia. Kwao lilikuwa uwazi wowote wa mwilini. Lilikuwa tumbo la chakula na tumbo la uzazi, na matabibu wao waliita hivyo hata vyumba vya moyo na vya ubongo. Bonde lenye shamba na mto ni ndugu wa neno hilohilo. Sasa sikiliza tunavyolitumia leo. Kamba ya kuanikia nguo ikilegea katikati, imefanya kilia. Filamu ikianza vizuri na kuisha vizuri lakini katikati ukasinzia, imefanya kilia. Supu ya utumbo ya alfajiri pale sokoni ni kilia pia, na Bi Polixeni anaipenda na vitunguu saumu vingi, jambo ambalo sisi wa chumba kimoja naye tunalijua vizuri mno. Ukuta ukivimba na kutokeza nje, mafundi wanasema hivyohivyo, umefanya kilia.

Hapo ndipo wiki mbili zilipokwama. Neno lilianza likiwa na maana ya uwazi wa ndani, likaishia kuwa na maana ya uvimbe wa nje. Lilivukaje? Wataalamu wa Athens walikuwa na jibu la haraka: watu walinenepa, wakaona vitambi vyao, basi. Bi Polixeni alilisoma jibu hilo, akalikunja, akaliwekea kikombe chake cha kahawa juu. Yeye alikuwa na jibu lake, na alilipata nyumbani kwao.

Baba yake, Mzee Stergios Gatsos (kwa wanawake jina hilo hugeuka Gatsou), alikuwa mwashi wa Ano Lithari, kijiji ambacho wanaume wake waliondoka kila majira ya kuchipua kwenda kujenga kwa watu na kurudi baridi inapoanza. Mezani nyumbani kwao hakukuzungumzwa kingine ila kuta. Mzee huyo alisema ukuta mzuri una nyuso mbili za mawe, na kati ya nyuso hizo kuna uwazi unaojazwa mawe madogo, moja moja, kwa mkono. Uwazi huo wao waliuita kilia. Mwaka 1989 binti yake aliandika kwenye kadi maneno yake yenyewe: "Ilishe kilia ya ukuta kabla hujapandisha jiwe lingine. Ukiiacha na njaa, itakutokea nje."

Soma tena maneno hayo. Uwazi wa ndani na uvimbe wa nje vimekutana katika ukuta mmoja, kinywani mwa mtu mmoja ambaye hakuwahi kusikia habari za matabibu wa kale. Hilo ndilo daraja ambalo wataalamu hawakuliona. Na Bi Polixeni hakuweza kulitumia, kwa sababu ya kanuni zetu.

Kwa wageni watakaolisoma jarida hili siku ya sherehe, kanuni zetu ni hizi. Maana haiingii kwenye kamusi bila mashahidi wawili wa vijiji viwili visivyochangia kazi wala ndoa. Ndugu wa damu wa mwandishi hawezi kuwa shahidi wa kwanza. Anakubaliwa tu akishatanguliwa na mtu baki. Na kanuni kuu kuliko zote: hatumtilii shahidi neno mdomoni. Unaruhusiwa kumwonyesha kitu, kumwuliza kazi yake inavyofanyika, kunywa kahawa yake mpaka macho yakutoke, lakini neno lije lenyewe. Likitangulia kutoka kwako, kadi hiyo haina thamani. Baba wa Bi Polixeni akaingia kwenye droo iliyoandikwa "Zinazosubiri". Mwaka 1991 mzee alifariki, na kadi ikabaki inasubiri.

Ili wasifu huu usifanye kilia katikati, nitasimulia pia mengine. Ni Bi Polixeni aliyepiga marufuku kufungua dirisha la mashariki, tangu siku ya mwaka 1993 upepo wa ziwani ulipochukua kadi mia tatu na kuzimwaga uani kwa jirani, Bi Vasso, mfuga kuku. Zilipatikana mia mbili tisini na saba. Bi Polixeni alikaa uani kwa Bi Vasso mpaka jioni akiwatazama wale kuku kwa jicho baya, na hadi leo hali mayai ya nyumba ile. Ni yeye aliyekwenda vijiji mia mbili na kumi na viwili kwa basi, kwa gari la posta na mara mbili kwa nyumbu, kila mara akiwa na pakiti ya kahawa kwa ajili ya wenyeji. Ni yeye aliyeandika kadi elfu kumi na moja na ushei kwa ule mwandiko wake ulionyooka. Na hotuba za wakurugenzi wetu watano alizipima zote kwa kipimo kimoja, akinong'ona kutoka safu ya nyuma, "Inaanza kulegea, inaanza kulegea."

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sijawahi kulisema ofisini, na ambalo yeye hajawahi kulisema kwa miaka ishirini na mitano.

Mimi niliajiriwa mwaka 1997. Julai ya mwaka uliofuata Bi Polixeni alinichukua kwenda Mesorrachi, kwa mwashi mmoja aliyekuwa na miaka tisini kasoro, Barba Lambros. Sisi huku kila mzee tunamwita barba. Alikuwa mtu wa furaha. Alitukalisha chini ya mzabibu, akatuletea maboga machanga ya kukaanga na pombe yake ya zabibu, akatueleza kuhusu madaraja, makanisa na mwanamke mmoja wa Korytiani aliyemkataa mwaka 1931. Kisha akatupeleka kwenye ukuta wa bustani uliobomoka, akatuonyesha nyuso mbili, akatuonyesha uwazi wa katikati. Akauonyesha kwa kidole, akakohoa, akarudi kwa yule mwanamke wa Korytiani.

Basi la kurudi lilikuwa saa kumi. Ilishakuwa saa tisa na nusu. Nilimwona Bi Polixeni ameshika kalamu, ametulia tuli. Mimi sikuweza kutulia. Nikasema, "Na hii ya katikati, Barba, si ndiyo kilia?"

Barba Lambros akanipiga begani. "Ndiyo, mwanangu! Kilia, kilia. Kumbe unajua mambo!"

Niligeuka nikitabasamu. Kalamu ya Bi Polixeni ilikuwa imesimama. Aliandika alichosikia, akamshukuru mzee, akambusu mashavu, tukapanda basi. Barabara ilipopinda na kijiji kutoweka, aliichana kadi ile vipande viwili, akavitia kwenye mkoba.

Nikamwambia, "Lakini alikubali, Bi Polixeni! Alisema mwenyewe."

"Alikuwa anakukarimu, Arsenis. Wewe ni mgeni wake. Ungemwambia inaitwa ndoo, angesema ndiyo, ndoo, ndoo."

"Turudi basi wiki ijayo. Tumwulize upya."

"Sasa ameshalisikia kwako. Hatutajua kamwe kama lilikuwa lake."

Barba Lambros alifariki Desemba ile. Ofisini mkurugenzi alipouliza safari ilikwendaje, Bi Polixeni alijibu kwa kifupi kwamba hawakupata kitu, akaketi. Hakunitaja. Niliona aibu siku ile, na niliendelea kuiona kila nilipopita mbele ya droo ya Zinazosubiri.

Miaka ikaenda. Waashi wakafa mmoja baada ya mwingine, na watoto wao wakajenga kwa matofali na zege. Bi Polixeni alikwenda vijiji vingine kumi na saba kutafuta shahidi mmoja tu. Watano walimwambia "katikati". Watatu walimwambia "ndani". Mmoja alimwuliza kama ameolewa. Mwaka huu Juzuu ya K ilipangiwa kwenda kwa mchapaji mwisho wa Juni. Mwezi Januari aliandika mwenyewe, kwa mkono wake, sentensi ya mwisho ya kidahizo chake, yaani maelezo ya neno kilia kamusini: "Asili ya maana ya uvimbe haijulikani." Mkurugenzi wetu, Bi Rodanthi Zoga, alimwonea huruma.

"Polixeni dada yangu, weka ya baba yako. Andika kijiji tu, acha jina. Nani atajua?"

"Mimi," alisema Bi Polixeni, na mjadala ukaisha.

Mwezi Machi, baada ya wiki tatu za mvua, alikuwa anapita uani na kahawa yake akasimama ghafla. Akautazama ukuta wa mawe unaoshikilia mlima nyuma ya ghala la kadi. Akaweka kiganja chake pale ulipoanza kuvimba, akarudi ndani, akatuambia tuanze kubeba droo. Tulicheka kidogo. Mhandisi mmoja alikuwa ameupitia ukuta huo mwezi uliotangulia akasema uko imara. Bi Polixeni hakucheka. Tulibeba droo mia nne siku mbili mfululizo tukilalamika migongo, na siku ya tano ukuta ukasukuma lile ghala ndani, rafu tupu zikalala chini ya udongo. Herufi zote kuanzia A hadi K zilikuwa salama kwenye ukumbi, zimepangwa kwa mfuatano wake. Tangu hapo hakuna anayelalamikia mgongo wake hapa ofisini.

Ukuta uliobaki ulihitaji mwashi wa kweli. Padri wa parokia akatutafutia Mzee Thimios Karagas, miaka sabini na minane, wa Pera Skala, ng'ambo ya pili ya mlima, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kwenda. Angeanza kazi Jumatatu moja ya Mei. Ijumaa iliyotangulia Bi Polixeni alituita wote ukumbini akafunga mlango. Alitutazama mmoja mmoja, na mimi hakunitazama zaidi ya wengine, jambo nililomshukuru. Kisha akatoa amri: kuanzia Jumatatu, ndani ya nyumba hii na nje yake, neno kilia, yaani tumbo, lisitoke kinywani mwa mtu yeyote.

Hamjui jinsi neno hilo linavyopenda kutoka. Katarina wa mapokezi aliumwa Jumanne, na alilazimika kumwambia daktari kwa simu, "Ni huku chini ya mbavu, daktari, juu ya kiuno, pale mbele." Dereva wetu alikatazwa kutaja chakula chake cha asubuhi. Bi Rodanthi alimletea fundi mkate wa mboga za majani, akakaa naye na kumsifia kazi, akarudi jasho linamtoka. Mzee Thimios aliongea mno. Siku ya kwanza aliongea habari za mbuzi wake. Siku ya pili alimsema mkwe wake aliyekuwa anambebea mawe, na mkwe yuko palepale anasikia. Bi Polixeni alikaa kwenye dirisha la ghorofa ya kwanza, kalamu mkononi, dirisha la mashariki, lile la upepo. Alilifungua mwenyewe. Tulielewa jinsi jambo lilivyokuwa zito.

Siku ya tatu ilikuwa zamu yangu ya kahawa. Mzee Thimios alikuwa ameshautoa uso wa mbele wa ukuta. Aliingiza mkono mpaka kiwikoni kati ya mawe, akautoa ukiwa na udongo mtupu, akanigeukia.

"Unaona?"

"Naona, Barba."

"Unaona nini?"

Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu. Nililisikia linavyosukuma. Nikaona mzabibu wa Mesorrachi, nikaona vipande viwili vya kadi.

"Naona shimo, Barba. Mimi mtu wa makaratasi, sijui zaidi."

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Makaratasi! Haya, mtu wa makaratasi, njoo nikufundishe. Aliyejenga hapa alikuwa mvivu, Mungu amsamehe. Hakuilisha kilia. Ametupia udongo tu. Ameiacha na njaa miaka mia, sasa imetokea nje kudai."

Sikugeuka kutazama juu. Niliogopa. Nilisikia ngazi zikilia, halafu Bi Polixeni akawa kando yangu, anahema, kadi mkononi.

"Unasemaje, Barba? Rudia nisikie vizuri."

"Kilia, mama. Kilia ya ukuta! Wa Pera Skala wote tunasema hivyo." Akamtazama kwa mshangao. "Wewe huijui? Binti wa nani wewe?"

"Wa Stergios Gatsos, mwashi wa Ano Lithari. Umewahi kufanya kazi na watu wa huko?"

"Wa Ano Lithari? Hatukuwahi hata kula nao meza moja, mama. Wanajidai mno." Mzee Thimios akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Na huyo baba yako, mwashi mzima, hakukufundisha hata hilo?"

"Alinifundisha, Barba," alisema Bi Polixeni. "Nilikuwa nakungoja wewe."

Akaketi palepale juu ya mawe, akalia, akacheka, akalia tena. Mzee Thimios alinitazama kuniuliza kama amemkosea mwanamke wa watu. Nilimwambia hapana, Barba, hujamkosea kabisa. Katarina akapiga kelele kutoka mapokezi, "Tumbo! Tumbo linaniuma tangu Jumanne!" na jengo zima likapiga makofi.

Juzuu ya K ilitoka kwa mchapaji wiki mbili zilizopita. Kidahizo cha kilia kina kurasa tatu na nusu. Sentensi ile ya Januari haimo. Mahali pake imeandikwa kwamba uvimbe wa nje ulizaliwa na uwazi wa ndani usiojazwa, kwa ushahidi wa waashi wawili: Karagas wa Pera Skala, 2023, na Gatsos wa Ano Lithari, 1989. Baba yake ni wa pili, kama kanuni inavyotaka. Wataalamu wa Athens wameshaandika barua kuuliza, na tumewajibu kwa adabu. Tunajivunia Bi Polixeni, na tunajivunia kwamba hakukubali kutupa sisi wala kujipa mwenyewe njia ya mkato.

Jumatatu alinikabidhi ufunguo wa droo ya Zinazosubiri. Nilidhani ni tupu. Ndani mlikuwa na kadi moja iliyochanika vipande viwili, vimeshikwa kwa pini iliyoota kutu. Upande wa mbele: Mesorrachi, Julai 1998, na neno. Upande wa nyuma, kwa mwandiko ule ulionyooka, ameandika: "Imeharibika. Kosa ni langu. Nilimfundisha kuuliza, sikumfundisha kunyamaza." Kwa miaka ishirini na mitano nilikuwa napita mbele ya droo hiyo nikidhani aibu yangu imefungiwa humo.

Bi Polixeni anarudi Ano Lithari. Ukuta wa bustani ya baba yake umelegea upande wa kusini, na Mzee Thimios ameahidi kuvuka mlima kwenda kumsaidia, ingawa bado anasema watu wa huko wanajidai. Kwa niaba ya wote waliofanya kazi nawe, walio hai na waliotangulia, tunakushukuru, Bi Polixeni. Siku zako zilizo mbele ziwe nyingi, zijengwe bila haraka, na kila moja ijazwe vizuri katikati, kwa mkono, jiwe moja moja. Nami safari hii, kwa heshima yako, nanyamaza.

Arsenis Kolios, Chumba cha K